Kiwakili cha Mwalimu Redempta

Kiwakili cha marehemu mzee Banzi kilikohoa mara mbili, kikanyamaza kidogo, kisha kikapiga kura.

"Sina pingamizi na pendekezo," kilisema kwa sauti ile ile nzito ya mzee Banzi, ambaye alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita.

Kilikuwa kisanduku cheusi, hakizidi mkate wa boflo, kimewekwa mezani mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu. Mafundi waliokitengeneza walikuwa wamekilisha kila neno alilopata kulisema mzee huyo katika vikao vya Bodi ya Pingamizi ya jiji la Lumbasi: hoja zake, kura zake, hata muda aliokuwa akikaa kimya kabla ya kuinua mkono. Kikohozi hakuna aliyekiagiza. Kisanduku kilijifunza chenyewe, kikidhani kukohoa nako ni sehemu ya kufikiri.

Visanduku vingine vitatu vikapiga kura vilevile. Mwenyekiti, Bwana Shomvi Lukwele, akainua mkono bila kuinua macho. Bi Tausi Mloka, muuguzi aliyekuja kikaoni moja kwa moja kutoka zamu, akainua wake huku miguu ameitoa viatuni chini ya meza. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Redempta Kunambi. Naye akasema hana pingamizi, na kesi ya thelathini na moja ikapita. Zilikuwa zimebaki saba.

Lumbasi lilikuwa jiji changa, limejengwa chini ya milima ya Uluguru katika miaka ambayo mito ilianza kufurika bila kufuata majira. Mipango yake yote ilikuwa mikononi mwa Mratibu, ubongo wa mitambo ambao watu walizoea kuutaja kama mtu. Mratibu alipoona mtaa umekaa vibaya, kwa mafuriko au kwa moto, aliwatuma mchwa. Mchwa hao walikuwa mashine za chuma zenye ukubwa wa ngumi, maelfu kwa maelfu, na waliweza kuibomoa nyumba na kuisaga ikawa mchanga kati ya asubuhi na adhuhuri, kisha wakautumia mchanga huohuo kuinua ghorofa mahali pengine. Hakuna aliyelala nje hata siku moja. Hilo lilikuwa kweli, na jiji lilijivunia.

Lakini waasisi wa jiji walikuwa na hofu yao, wakaiandika katika sheria: hakuna mtu atakayehamishwa kwake kabla pingamizi lake halijapitiwa na wananchi saba wa kawaida, wasiolipwa na mtu. Ndipo ikaundwa Bodi. Miaka ya mwanzo watu waligombea viti. Baadaye wakapungua, kila mtu na sababu zake, hadi tangazo la kuomba watu wa kujitolea likabaki ubaoni miaka sita bila jina hata moja. Hapo sheria ikalegezwa: kiti kilichoachwa kingeweza kushikwa na kiwakili cha aliyekikalia, alimradi wawili kati ya saba wawe watu walio hai. Siku ile walio hai walikuwa watatu.

Kikao kilipokwisha, Redempta alimfuata katibu wa Bodi, Bwana Elinami, akamwambia kwamba amechoka na anataka kupumzika. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na miaka sitini na minane, ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia mezani pale kila Jumatano tangu saa nane mchana. Mumewe, Gervas, alikuwa amekula chakula cha jioni peke yake Jumatano zote hizo, na alipofariki Redempta alijikuta akizikumbuka hizo kuliko siku nyingine zote. Hakuna aliyemlazimisha. Labda ndiyo maana uchovu wake haukuwa na mtu wa kumlaumu.

Elinami hakushangaa. Alimweleza kwamba kiwakili chake kilikwisha kuandaliwa tangu mwaka uliopita, kama ilivyokuwa kwa wajumbe wote waliopita umri wa miaka sitini na mitano. Kilichobaki ni yeye kuja kesho yake asubuhi, akikague, na kuweka saini kukiri kwamba kweli kinafanana naye.

*

Asubuhi hiyo walimkalisha katika chumba kidogo chenye dirisha moja. Elinami akaweka kisanduku mezani, akakiwasha.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," kilisema.

Redempta alisikia sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo alioupata kwa miaka thelathini ya kufundisha jiografia. Akaitikia, kisha akaona haya kidogo, kama mtu aliyeitikia kioo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Elinami alikisomea kiwakili kesi thelathini na nane za kikao cha wiki tatu nyuma, ambacho kisanduku kilikuwa hakijalishwa. Kwa kila kesi kilipiga kura, na katibu akailinganisha na kura aliyoipiga Redempta siku ile. Zote thelathini na nane zilifanana. Elinami akatabasamu, akasema ni nadra kupata kiwakili kinachomfuata mwenyewe namna hiyo. Akamsogezea karatasi ya kukiri na kalamu.

Redempta aliishika kalamu. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hatoi alama zote kwa mwanafunzi kabla hajamwuliza amefikaje kwenye jibu. Akachagua kesi bila kuangalia, ya ishirini na sita, akakiuliza kwa nini kilikubali.

"Kwa sababu kikao kilikuwa kimedumu zaidi ya saa mbili," kikajibu. "Baada ya saa mbili Mwalimu hukubali pendekezo la Mratibu. Nami hukubali."

Elinami akaanza kusema kwamba vifaa hivi wakati mwingine hujieleza vibaya. Redempta akamwomba asubiri.

"Na kesi yenyewe ilihusu nini?"

"Mwombaji ni fundi cherehani, Damas Kobelo, wa Mtaa wa Mikoroshini. Maelezo mengine hayakuhitajika ili kuijua kura ya Mwalimu."

"Zamani nilikuwa nauliza maswali. Hayo hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Mwaka wa kwanza Mwalimu aliuliza maswali mia sita na arobaini. Mwaka uliopita aliuliza kumi na moja. Niliagizwa nifanane na Mwalimu alivyo, si alivyokuwa."

Kilisema hivyo kwa upole, bila kushutumu, kama anavyosema yeye anapomweleza mtoto njia ya kwenda sokoni. Redempta akaiweka kalamu chini. Alitafuta kesi ya ishirini na sita kichwani mwake: uso, sauti, hata jina. Hakupata kitu. Akamwomba Elinami amwekee kumbukumbu ya sauti ya kikao kile.

Mwanamke mmoja ndiye aliyezungumza, jirani wa fundi. Alijitaja kwa jina la Mwanamvua, akaeleza kwamba fundi Damas ni kiziwi tangu utotoni, hivyo yeye anatafsiri alama za mikono yake. Fundi hapingi kuhama, alisema. Anaujua mto, amebeba cherehani yake kichwani mara tatu kuyakimbia maji. Anachoomba ni kwamba mtaa uhamishwe pamoja, au hata nyumba nane tu za karibu. Watu wa nyumba hizo wamejifunza alama zake kwa miaka kumi na tisa. Watoto wao wamezijua kabla ya kujua kusoma. Wakitawanywa, kila mmoja atapata jirani wa kuongea naye isipokuwa yeye.

Kisha ikasikika sauti ya Mratibu, tulivu, ikieleza kwamba kila kaya imepangiwa jengo kulingana na zahanati, shule na kazi, na kwamba mwombaji atapewa kioo-sauti, kifaa cha ukutani kinachogeuza alama kuwa maneno na maneno kuwa alama. Mwanamvua akanyamaza, bila shaka akiangalia mikono. Halafu akatafsiri:

"Anasema kioo kitasema maneno yake. Lakini kioo hakitakuja kumjulia hali."

Kwenye kumbukumbu kulifuata ukimya wa sekunde tisa. Baada ya hapo kikohozi cha mzee Banzi mara mbili, na kura saba za kukubali. Ya mwisho ilikuwa ya Redempta. Aliisikia, na ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa imemwambia habari za asubuhi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Redempta aliuona uzito wake siku hiyo, wiki tatu baada ya kuwabebesha wengine. Hakuweka saini. Alimwambia Elinami akizime kisanduku, akachukua mkoba wake, akatoka.

*

Mtaa wa Mikoroshini haukuwapo tena. Alikuta eneo tupu lililosawazishwa vizuri, mchwa wachache wakizungukazunguka kuokota vipande vya mwisho vya saruji, na mfereji mpana unaong'aa ambamo mvua zijazo zingepita bila kumdhuru mtu. Hakuweza kusema mfereji ule ni kosa. Akauliza kwenye rejista ya jiji, akaambiwa fundi Kobelo yuko Jengo la Nne, ghorofa ya ishirini na mbili.

Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu, mwenye nyuzi za rangi mbalimbali zimemng'ang'ania kwenye mikono ya shati. Chumba kilikuwa kizuri, chenye mwanga mwingi. Cherehani ilikuwa dirishani, na kioo-sauti kilikuwa kinameremeta ukutani. Damas alimtazama mgeni wake, akampungia mkono akae, kisha akafanya alama moja: vidole viwili vikisugua duara kwenye ncha ya shati.

"Mfuta miwani," kikatamka kioo-sauti.

Redempta hakuelewa. Damas akaendelea kwa mikono, na kioo kikamfuata kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alieleza kwamba watu wa lugha ya alama humpa kila mtu jina kwa kile alichoonwa akifanya. Siku ya kikao yule mama wa pembeni alikuwa akifuta miwani yake tangu walipoingia mpaka walipotoka. Ndipo mtaa mzima ukamwita hivyo. Hakulisema kwa chuki. Ndilo jina lililokuwapo.

Redempta alitaka kuomba msamaha, akaona maneno hayatoshi, na kupitia kile kioo yangekuwa madogo zaidi. Akamwambia tu kwamba mjumbe aliyepiga kura ya kukubali ana ruhusa ya kuomba marejeo ndani ya siku thelathini, naye ataomba. Damas aliuliza zimebaki siku ngapi. Zilikuwa zimebaki nane.

Katika siku hizo Redempta alifanya hesabu ya kura, nayo haikumpendelea. Walio hai walikuwa watatu, visanduku vinne, na visanduku vilikuwa vimefunzwa na watu waliochoka kama yeye. Angehitaji mtu mmoja tu akae kwenye kiti kimoja kati ya vile vinne, maana mtu hai akijitokeza, kiwakili huondolewa. Damas mwenyewe asingeweza, wala jirani zake, kwa kuwa kesi ilikuwa yao. Akaanza kugonga milango. Aliwaendea walimu aliofanya nao kazi, wanafunzi wake wa zamani ambao sasa wana mvi, wanakwaya wenzake wa kanisani. Walimkaribisha wote, wakampa chai. Mmoja alisema mkono mtupu haulambwi. Mwingine alisema yeye ana mgonjwa nyumbani, na alikuwa naye kweli. Wa tatu akauliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini kazi hiyo isifanywe na visanduku, mbona vinafanya vizuri. Redempta hakuwa na nguvu ya kubishana. Yeye mwenyewe wiki moja nyuma angesema hivyo hivyo.

Siku ya marejeo alisimama akaeleza kesi yote, tangu mwanzo. Bwana Lukwele alimsikiliza akiwa ameshika tama, kisha akamwuliza taratibu kama anatambua kwamba hata wakishinda, mtaa wenyewe umekwisha kusagwa. Redempta akasema anatambua, lakini watu hawajasagwa, na katika Jengo la Tisa kuna vyumba vitupu kumi na vinne. Lukwele akainua mkono kuunga mkono marejeo. Bi Tausi naye akainua, na safari hii alikuwa amevaa viatu.

Visanduku vikapiga kura kimoja baada ya kingine. Kura tatu kwa nne. Kesi ya Damas Kobelo ikafungwa, na kwa mujibu wa sheria isingeweza kufunguliwa tena.

*

Alipanda tena ghorofa ya ishirini na mbili ili kumpa habari uso kwa uso. Damas alizipokea kwa kutikisa kichwa mara moja. Akasema Mwanamvua amepelekwa Jengo la Tisa, upande wa pili wa jiji, na kwa watoto watatu na kazi ya kiwandani hajapata nafasi ya kuja. Wengine wamekuja mara moja, mara mbili. Hakuwalaumu.

Redempta akamwomba karatasi na penseli. Jambo alilotaka kulisema hakutaka lipite kwenye kioo. Akaandika kwamba Bodi ina viti vinne visivyo na mtu, na amekuja kumwomba akae kwenye kimoja. Si kwa kesi yake, hiyo imekwisha. Ni kwa ajili ya watu wa mitaa inayofuata.

Damas alisoma, akachukua penseli. *Kwa nini mimi niwasaidie hao?*

*Sijui,* aliandika Redempta. Akafikiri, akaongeza: *Ukikaa, walio hai watakuwa wanne na visanduku vitatu.*

*Ni kazi ya namna gani?*

Redempta alikumbuka alivyoalikwa yeye, miaka ishirini na miwili iliyopita. Walimwambia ni saa moja tu kwa wiki, na heshima kubwa. Akaamua kuandika kweli. Aliandika kwamba ni kila Jumatano tangu saa nane mpaka kiza kinapoingia. Hakuna malipo. Chai ni ya baridi. Wale utakaowakatalia watakusema vibaya sokoni, na wale utakaowakubalia hutawaona tena. Mwanzoni utaumia kwa kila kesi. Baadaye hutaumia, na hapo ndipo uanze kuogopa. Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Damas aliisoma mara mbili. Aliinuka, akasimama dirishani kando ya cherehani yake, akiangalia chini ambako watu walionekana kama punje. Aliporudi aliandika mstari mmoja.

*Nitakuja kama Mwanamvua ndiye atakayenitafsiria. Si kioo.*

Elinami alipelekewa sharti hilo, akapekua kanuni siku nzima, akakuta kwamba mjumbe mwenye ulemavu ana haki ya msaidizi anayemchagua mwenyewe, na kwamba msaidizi huyo hupewa ruhusa kazini na usafiri wa kumchukua na kumrudisha. Kanuni hiyo ilikuwa haijawahi kutumika.

Jumatano iliyofuata, katibu alikinyanyua kisanduku cha mzee Banzi, akakifunika kitambaa, akakiweka kabatini. Damas aliketi mahali pake akiwa amevaa koti alilolishona mwenyewe. Mwanamvua alipoingia, wawili hao walizungumza kwa mikono kwa dakika nyingi, haraka haraka, wakicheka bila sauti, na hakuna mtu aliyetafsiri. Bwana Lukwele aliwaacha mpaka wakamaliza.

Kesi ya kwanza ilihusu mzee mmoja na ngazi za nyumba yake. Mratibu alitoa pendekezo, na Lukwele alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuita kura, Mwanamvua aliposema, "Mjumbe anauliza, huyu mzee asubuhi hufunguliwa mlango na nani?"

Hakuna aliyejua. Ikabidi mzee mwenyewe aitwe ndani kujibu, na jibu likazaa swali lingine. Bi Tausi akauliza la tatu. Redempta alihisi kiuno kikimwuma kama kila Jumatano, macho yakimwasha, na ule usingizi wa saa kumi ukimnyemelea. Akaivaa miwani yake vizuri, akaegemea mbele, naye akauliza.

Jua lilipotua walikuwa wamemaliza kesi nne kati ya thelathini na tano. Bwana Lukwele alikuwa amelegea kitini, hana hata nguvu ya kulalamika. Ukumbini nje watu waliokuwa wakingoja zamu zao walianza kuinuka, wengine kwa hasira, wakaambiwa warudi wiki ijayo na kwamba hakuna mchwa atakayegusa nyumba zao kabla ya hapo. Elinami alikaa na kalamu juu ya kumbukumbu za kikao, akiwa hana hakika. Kwa miaka mingi hakukuwa na kesi iliyobaki.

"Hizi thelathini na moja nyingine, Mwalimu," aliuliza, "niandikeje?"

Redempta alikuwa akisugua vifundo vya miguu yake iliyovimba. Alichoka kuliko alivyowahi kuchoka.

"Andika hazijasikilizwa," alisema.